Bei ya Dawa za Wazee: Mas'ala ya Tas'iri Baina ya Fiqhi na Historia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa maradhi na Muumba wa dawa zake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mas'ala yanayoulizwa mara kwa mara misikitini ni hili: mzee ana maradhi ya kisukari au presha, kaandikiwa dawa ya kutumia kila siku mpaka mwisho wa umri wake, na bei ya dawa hiyo imemshinda. Je, yajuzu kwa Waislamu, na khasa maimamu wao, kusimama na kudai kwamba bei hiyo iteremshwe kwa amri ya wenye mamlaka? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba haijuzu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikataa kupanga bei, na kwa jibu hilo mlango ukafungwa. Hadithi wanayoitolea ushahidi ni sahihi, wala hatuna neno juu ya hadithi. Neno letu ni juu ya jibu. Historia ya wanavyuoni wetu katika jambo hili ni pana kuliko jibu hilo, na historia ya dunia ya karibuni imetupa mfano ambao yafaa tuuzingatie.

HADITHI YA MADINA NA SABABU YAKE

Amepokea Anas bin Malik (R.A.), na wakaitoa Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba bei zilipanda Madina katika zama za Mtume (S.A.W.), watu wakamwendea wakimtaka awawekee bei. Akakataa, akawabainishia kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mpanga bei, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hakuna yeyote anayemdai dhulma ya damu wala ya mali.

Tutazame alichokikimbia Mtume (S.A.W.) katika maneno hayo. Amekimbia dhulma. Soko la Madina lilikuwa na wauzaji wengi na wanunuzi wengi. Bidhaa zilikuwa zikiletwa na misafara, na zikipungua, bei hupanda bila ya mtu kufanya hila. Kumlazimisha mwenye mali katika hali hiyo auze kwa bei asiyoiridhia ni kumdhulumu. Lakini Mtume huyo huyo (S.A.W.) amesema, katika Sahihi ya Muslim, kwamba mwenye kuhodhi bidhaa ni mkosa. Na katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, pale mshirika mmoja alipomwacha huru mtumwa wa shirika, Mtume (S.A.W.) aliamrisha mtumwa akadiriwe thamani ya uadilifu na washirika wengine wapewe mafungu yao kwa thamani hiyo. Hapo mwenye mali hakuachiwa ataje bei aitakayo, kwa sababu kuna haki ya mwingine iliyofungamana na mali ile.

WALIVYOKHITALIFIANA WANAVYUONI

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafii, na ni haki tuanze na madhehebu yetu. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria / 1277) ametaja katika Raudha kwamba tas'iri ni haramu wakati wote kwa qauli iliyo sahihi, na akataja qauli ya pili inayoijuzisha wakati bei zinapokuwa ghali. Basi hata ndani ya madhehebu mlango haukufungwa kwa kufuli.

Zito zaidi kuhusu mada yetu ni maneno ya Imam Ghazali (aliyefariki 505 / 1111) katika Ihyaa. Alipozungumzia kuhodhi, aliliwekea mipaka katazo hilo kwenye chakula na yanayosaidia chakula, akazitaja dawa, mitishamba na zafarani kuwa haziingii humo. Msomaji anayeishia hapo anaweza kusema: basi muuza dawa na auze apendavyo. Lakini Ghazali mwenyewe ameeleza sababu ya hukumu, nayo ni madhara wanayoyapata watu kwa kukosa wanachokihitaji. Na katika kitabu hicho hicho, katika mlango wa elimu, ameuhesabu utabibu kuwa ni faradhi kifaya, akawalaumu watu wa miji iliyokosa tabibu Muislamu huku wanafunzi wakisongamana katika fiqhi. Hakuwa mtu aliyedharau dawa. Dawa ya zama zake ilikuwa mizizi, majani, mbegu na asali. Ikikosekana duka hili ilipatikana duka la pili, na mzizi huu ukiadimika, tabibu alitumia mwingine. Hakukuwa na mtu mmoja aliyemiliki peke yake ruhusa ya kuuza mzizi fulani katika nchi nzima.

Upande wa pili wako waliopanua. Abu Yusuf (aliyefariki 182 / 798), mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, amesema kwamba kila ambacho kukizuia kunawadhuru watu, basi kukizuia ni kuhodhi, kiwe chakula au kisiwe. Imam Malik vilevile hakulifunga katazo kwenye chakula peke yake. Na katika Hidaya ya Marghinani (aliyefariki 593 / 1197), kitabu kinachotegemewa na Mahanafi, asili ni kutopanga bei, isipokuwa wauzaji wakivuka thamani kwa kiasi kikubwa mno na kadhi akawa hana njia nyingine ya kulinda haki za watu. Hapo hapana ubaya kupanga bei kwa kushauriana na wenye ujuzi.

Ibn Habib wa Andalusia (aliyefariki 238 / 853), katika wanavyuoni wa Kimaliki, ameeleza hata namna ya kufanya, na Baji (aliyefariki 474 / 1081) akayanukuu maneno yake katika Muntaqa. Kiongozi awakusanye wakubwa wa soko la bidhaa ile, na awahudhurishe watu wengine ili wathibitishe ukweli wa wanayoyasema. Awaulize wananunua vipi na wanauza vipi, kisha ajadiliane nao mpaka wafike kwenye bei yenye maslahi kwao na kwa umma, na waridhike nayo. Wasilazimishwe bila ya ridhaa, kwa sababu bei ya kulazimisha isiyowaachia faida huharibu soko na bidhaa hufichwa.

Kisha akaja Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 / 1328) katika kitabu chake cha Hisba, na baada yake mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 / 1350), wakaigawa tas'iri sehemu mbili. Iko ya dhulma, nayo ni haramu, na ndiyo aliyoikataa Mtume (S.A.W.). Na iko ya uadilifu, nayo yajuzu, na mara nyingine huwa wajibu. Miongoni mwa mifano ya wajibu wakataja pale ambapo bidhaa imefungiwa watu maalumu, hakuna aruhusiwaye kuiuza isipokuwa wao. Hapo wasiachwe wauze ila kwa bei ya mithili, kwa sababu mnunuzi amezibiwa njia zote nyingine.

Mfano huo wa mwisho tuushike vyema, maana tutauhitaji.

JINSI DAWA ILIVYOMFIKIA MNYONGE

Mtu atauliza: ikiwa wengi hawakupanga bei ya dawa, maskini na wazee wa zama hizo walitibiwa vipi? Jawabu ni kwamba dawa haikuachiwa soko peke yake. Kulikuwa na mambo mawili.

La kwanza ni hisba. Vitabu vya muhtasibu, kama vile Nihayatur-Rutba cha Shayzari katika karne ya 6 Hijria na Maalimul-Qurba cha Ibn al-Ukhuwwa (aliyefariki 729 / 1329), vina milango khasa juu ya wauza dawa na watengeneza sharubati. Muhtasibu alifundishwa namna ya kugundua dawa iliyochanganywa na takataka na mizani iliyopunjwa.

La pili, na ndilo kubwa, ni wakfu. Sultani Nuruddin Mahmud bin Zangi alijenga bimaristani, yaani hospitali, mjini Damascus mwaka 549 / 1154, akaiwekea wakfu kwa ajili ya mafakiri na maskini. Ibn Kathir ametaja sharti lake moja la kupendeza: ikiwa dawa fulani ni adimu na haipatikani isipokuwa humo, basi matajiri nao wasizuiwe. Tazama fiqhi iliyomo katika sharti hilo. Sultani alifahamu kwamba dawa ikiwa mahali pamoja tu, hali ya mgonjwa hubadilika. Hata tajiri huwa mhitaji.

Wanahistoria wamesimulia pia kwamba Qalawun, kabla ya kuwa Sultani wa Misri, aliugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizoletwa kutoka katika bimaristani hiyo. Akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akaitimiza Cairo mwaka 683 / 1284. Hati ya wakfu wake iliwafungulia mlango matajiri na maskini, wanaume na wanawake, bila ya malipo, na hata wagonjwa waliolala majumbani mwao walikuwa na fungu la kupelekewa dawa. Mzee asiyeweza kutembea alikumbukwa katika hati ile. Lakini wakfu nao huishi kwa uaminifu wa nadhiri wake. Palipoingia ulaji, mashamba na maduka ya wakfu yalipotea, na dawa zikapotea pamoja nayo.

ZAMA ZA DAWA ILIYOFUNGIWA

Sasa tuje kwenye zama zetu. Dawa leo hutengenezwa viwandani, na dawa mpya hupewa hataza, yaani haki ya serikali ya kumzuia kila mtu mwingine asiitengeneze wala kuiuza kwa muda wa miaka 20 tangu kuombwa. Huo ndio ule mfano wa Ibn Taymiyya: bidhaa iliyofungiwa watu maalumu. Nchi ambayo mgongano wake umeandikwa wazi zaidi ni Marekani, ndiyo maana tumeichagua. Waliogombana huko ni wazee, tena kwa muda wa zaidi ya miaka 60.

Mwishoni mwa 1959 seneta wa Tennessee, Estes Kefauver, alianza kuwahoji wenye viwanda vya dawa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Katika dawa zilizotajwa ni prednisolone, iliyokuwa ikitumiwa na wazee wengi wenye baridi yabisi. Kamati ilionyesha kuwa kidonge kilichogharimu senti 1.6 kutengeneza kiliuzwa kwa mwenye duka senti 17.9. Kiwanda kilijibu kwamba hesabu hiyo haikuingiza gharama za utafiti. Sheria iliyopita mwaka 1962 kwa jina la Kefauver na Harris ilihusu usalama na ufanisi wa dawa, baada ya balaa la thalidomide. Suala la bei liliachwa nje.

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Johnson alitia saini mpango wa Medicare, bima ya afya ya wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Ulilipia hospitali na daktari, lakini haukulipia dawa anazonunua mzee na kuzimeza nyumbani. Mwaka 1988 ilipitishwa sheria iliyoongeza dawa. Wazee wengi wenye uwezo waliukasirikia mchango wa ziada waliotakiwa kuulipa, na mwaka 1989 sehemu kubwa ya sheria hiyo ikafutwa. Kuanzia miaka ya 1990 ikawa kawaida kwa wazee wa majimbo ya kaskazini kupanda mabasi kwenda Canada kununua dawa zile zile za viwanda vile vile kwa bei ndogo zaidi, kwa kuwa serikali ya huko ilikuwa ikisimamia bei.

Mwaka 2003 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuwapa wazee bima ya dawa, ikaanza kazi Januari 2006. Lakini ndani yake kiliwekwa kifungu kinachoikataza serikali kuingilia majadiliano ya bei kati ya viwanda na mashirika ya bima. Serikali hiyo hiyo ilikuwa tayari inapata punguzo la kisheria la bei kwa ajili ya askari wake wastaafu tangu sheria ya mwaka 1992. Askari mstaafu na jirani yake mkulima wa umri ule ule wakawa wanameza kidonge kimoja kilichonunuliwa kwa bei mbili.

Insulini ndiyo iliyowauma watu zaidi. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliiuza haki yao ya hataza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa iwafikie watu wote. Karne moja baadaye soko la insulini Marekani lilikuwa mikononi mwa viwanda vitatu, na watu walikuwa wakipunguza kipimo ili chupa ifike mwisho wa mwezi.

Tarehe 16 Agosti 2022 ilitiwa saini sheria iliyolegeza kile kifungu cha 2003. Kuanzia Januari 2023 mzee mwenye Medicare halipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina ya insulini inayolipiwa na bima yake. Mwaka 2025 uliwekwa ukomo wa dola 2,000 kwa mwaka kwa dawa anazolipia mzee mfukoni mwake. Na serikali ikaruhusiwa kujadiliana na viwanda juu ya dawa 10 za mwanzo, zilizo kubwa kwa matumizi na zisizo na mshindani, na bei zilizofikiwa zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Januvia, dawa ya kisukari, bei yake ya orodha ilikuwa dola 527 kwa mwezi, ikawa 113. Eliquis, ya kuzuia damu isigande, ilikuwa 521, ikawa 231. Kwa uadilifu tuseme kwamba mashirika ya bima yalikuwa tayari yakipata punguzo la siri chini ya bei ya orodha, kwa hiyo nafuu halisi ni ndogo kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha. Lakini nafuu ipo.

Na katika majadiliano hayo kiwanda hutakiwa kueleza kimetumia kiasi gani katika utafiti, kimegharimika kiasi gani kutengeneza, na serikali ilikisaidia kwa kiasi gani. Msomaji wa Muntaqa anaijua njia hii. Ni ile ya Ibn Habib: waite, waulize wananunua vipi na wanauza vipi, jadiliana nao. Tofauti ipo, kwani kiwanda kinachokataa kujadiliana hukabiliwa na kodi nzito au kuziondoa dawa zake katika mpango, na viwanda vimekwenda mahakamani kulalamikia jambo hilo. Lakini asili ya njia ni moja.

HOJA YA WENYE VIWANDA

Hoja yao tusiidharau. Wanasema: tukinyimwa faida, nani atatafuta dawa ya maradhi yasiyo na dawa? Hili ni neno la kweli. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Lakini kikao hicho hicho kilipitisha azimio jingine juu ya faida za wafanyabiashara: asili ni kuwaacha watu huru katika biashara zao, na mtawala asiingilie bei isipokuwa anapoona kasoro ya wazi katika soko iliyotokana na sababu za kutengenezwa; hapo aingilie kwa njia za uadilifu.

Maazimio mawili hayo yasomwe pamoja. Mvumbuzi ana haki ya malipo ya jasho lake, na haki hiyo huingizwa ndani ya bei ya mithili. Lakini kufungiwa kwa dawa hakukutokana na mvua wala ukame. Ni jambo lililotengenezwa na sheria. Aliyepewa na umma ruhusa ya kuuza peke yake hawezi kuutolea umma huo hoja ya hadithi ya soko la Madina, ambapo kila mtu aliruhusiwa kuuza.

WAJIBU WETU

Kwa hayo, linalotudhihirikia ni kwamba kudai bei ya dawa za wazee iteremshwe kwa majadiliano ya uadilifu hakupingani na hadithi ya Anas (R.A.), na mwenye kudai hivyo ana wanavyuoni nyuma yake. Qauli ya Ghazali imesimama juu ya hali ya zama zake, na sababu aliyoitaja mwenyewe, madhara, leo imo ndani ya dawa kama ilivyomo ndani ya nafaka. Mwenye kisukari akikosa insulini, haichukui muda mrefu kama wa mwenye kukosa mtama.

Na haya si ya Marekani peke yake. Tanzania, sera za serikali zimetamka kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila ya malipo. Kenya, kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kimetaja haki ya wazee kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na dola. Pamoja na hayo tunawaona wazee wanaomwona daktari bure, kisha wakaambiwa dawa hakuna, wakanunue nje. Tunawaona wanaokata kidonge nusu, leo nusu na kesho nusu, na wengine huona haya hata kuwaambia watoto wao. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Israa, aya ya 23, alipoamrisha wema kwa wazazi ameutaja uzee kwa jina lake.

Kwa hiyo imamu asiogope kuzungumza na viongozi wa afya wa wilaya yake kwa adabu na kwa hoja, akiuliza dawa zilizoahidiwa wazee ziko wapi. Awafundishe watu kumuuliza mfamasia kama dawa waliyoandikiwa inapatikana kwa jina lake lenyewe badala ya jina la kiwanda, maana hataza ikishakwisha, dawa ile ile hutengenezwa na wengi na bei hushuka. Ila daktari au mfamasia ndiye aamue. Na kamati za misikiti zifufue wakfu wa dawa: chumba kimoja cha kupangisha, kodi yake iwe ya dawa za wazee wa mtaa, hesabu zake zisomwe hadharani kila mwezi, tusije tukaangukia pale walipoangukia manadhiri wa zamani. Zaka nayo ina mafakiri wake, na mzee asiye na uwezo wa kununua dawa yake yumo miongoni mwao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu wazee wetu, na atujaalie kuwa wenye kusimamia haki bila ya kumdhulumu muuzaji wala mnunuzi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.